Swichibodi ya Kioo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Majirani zangu Kibokoni watakwambia, na hata asiyenijua, akinikuta nabishana na muuza samaki, atajua mwenyewe. Kwa hivyo nikisema kwamba kwa karibu wiki tatu nilikuwa napita mbele ya mtu nimevua viatu, nanyata, nimebana pumzi, ili asijue kuwa nimepita, fahamu halikuwa jambo dogo. Na mtu mwenyewe niliyekuwa namkimbia alikuwa mwanamke asiyeona.

Alikuwa opereta wetu wa simu. Afisi yetu iko ghorofani, Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago na masanduku ya mbao yenye njumu za shaba, na kazi yetu ni kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao bandarini: vigae, mchele, vitambaa, vipuri vya magari. Mwenye kampuni, ambaye sote twamwita tajiri, aliirithi kwa babake. Mimi ni msimamizi wa afisi. Maana yake ni kwamba bomba la choo likivuja ni mimi, karatasi zikiisha ni mimi, na fundi asipokuja ni mimi vilevile.

Opereta nilimwita dada, kwa kuwa amenizidi miaka kumi na kitu. Ni Mdigo wa ng'ambo, na kila asubuhi alivuka feri na fimbo yake nyeupe, akapanda ngazi zetu zenye vidato virefu bila kushika ukuta. Surua ilimpofusha utotoni. Akasomeshwa kazi ya simu katika chuo cha wasioona huko bara, akaja kwetu, na mimi nilipoajiriwa nilimkuta keshakuwa mwenyeji. Kwake ng'ambo alikuwa na babake mzee asiyetoka kitandani, na binti wa marehemu dadake aliyekuwa akisomea ualimu. Wote wawili walikuwa mikononi mwake, naye hakuwa na kazi nyingine wala mahali pengine pa kuipata.

Na kazi yake aliijua, wallahi. Swichibodi yetu ya zamani ilikuwa kisanduku kipana, cheupe kilichogeuka manjano, chenye safu za vitufe. Alikaa nayo akiwa amenyoosha mgongo, vidole juu ya vitufe, kisikilizi sikio moja, na sikio la pili ameliacha wazi kwa ajili ya ngazi. Simu ikilia alibonyeza, akasema, "Assalaam alaikum," kisha akanyamaza. Akangoja aitikiwe. Akiitikiwa alikuwa keshamjua mtu, na hapo maswali huanza: U hali gani? Wa nyumbani wazima? Yule mama mguu umepoa? Na mjukuu, amepewa jina gani? Ndipo baadaye, baada ya alhamdulillah mbili tatu, aulize, "Haya, nikupe nani?"

Mimi nilikuwa mezani kwangu natazama saa. Nilikuwa nikijiambia, jamani, huyu mtu amepiga kuuliza kontena lake li wapi, naye anaulizwa mguu wa mamake! Sikuona kilichokuwa kikitendeka mbele ya macho yangu mazima mawili, kwamba mfanyabiashara aliyekuwa ameshika simu ili atukane, hadi anafika kwa tajiri, nusu ya matusi keshayasahau.

Basi swichibodi ikazeeka. Hewa ya chumvi haina huruma na vyuma vya Mji wa Kale. Vitufe vikaanza kunata, taa zikafa moja moja, na mwisho laini ya tatu ikawa inasikia mazungumzo ya laini ya tano. Siku moja mteja mmoja alipiga simu kuulizia mizigo yake akajikuta anamsikia tajiri akimwambia mtu mwingine kwamba mteja huyo huyo ni mkaidi kuliko punda. Lo! Ilibidi tajiri amwendee nyumbani kwake na halua. Fundi alifungua kile kisanduku, akakipuliza, akatikisa kichwa, akasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Tajiri akaniita.

"Nenda kachague nyingine," akaniambia. "Iwe nzuri. Na usinirudie kwa maswali."

Nikaenda duka moja la mitambo, upande wa mji mpya. Muuzaji, bwana mmoja wa makamo mwenye maneno mengi, alinionyesha aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nene, imejaa vitufe, na pembeni imeungwa ubao mwingine wa vitufe zaidi, mbaya kama mkoba wa fundi. Ya pili haikuwa kifaa hasa, ilikuwa programu ya kutiwa ndani ya kompyuta, nayo nikaikataa palepale kwa sababu kompyuta zetu nazijua. Ya tatu ilikuwa kioo kitupu. Nyembamba, imeinama vizuri juu ya mguu wake, haina kitufe hata kimoja. Ukiigusa inawaka. Majina ya watu wote wa afisini yamejipanga humo kwa rangi, buluu kwa aliye huru, nyekundu kwa anayeongea, nawe unamburuta mtu kwa kidole unampeleka unakotaka. Nikaiburuta mara tatu nne pale dukani, natabasamu peke yangu.

"Na hii, bibi," yule bwana akasema, akipunguza sauti, "hata opereta humhitaji sana. Inapokea yenyewe. Inasalimia yenyewe, inauliza yenyewe, inapeleka yenyewe."

Nikasema nifungie hiyo hiyo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza. Kitanda kilikuwa cha mwingine, na aliyekwenda kukichagua hakuwahi kukilalia hata usiku mmoja. Na ukiniuliza, je, siku ile dukani nilimkumbuka dada? Nitakwambia kweli, nilimkumbuka. Nilifikiri: atazoea. Ana vidole vyepesi, atazoea. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo, atazoea, natamani kujizaba kibao.

Fundi aliifunga Jumapili. Jumatatu asubuhi dada akapanda ngazi, akatoa salamu, tukaitikia, akakunja fimbo yake, akakaa. Akanyoosha mikono kama siku zote. Vidole vikatua juu ya kioo.

Akavipeleka kulia. Akavipeleka kushoto. Akashuka chini, akapanda juu, akapapasa kingo zote nne, kisha akakifuta kile kioo polepole kwa kiganja kizima, kama mtu anayefuta meza baada ya chakula.

"Mdogo wangu," akaniita, "swichibodi yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, dada."

"Hii?"

"Ndiyo."

Simu ikalia. Akagusa mahali, ikakatika. Ikalia tena, akagusa pengine, akamwamsha tajiri kule chumbani kwake, naye akatoka akiuliza nani anamwita. Simu ya tatu alimpeleka mteja kwa mhasibu ambaye siku hiyo hakuja. Mimi nimesimama nyuma yake nasema, dada, juu kidogo, dada, hapo hapo, hapana, umepita, na sauti yangu ikipanda, maana ndivyo nilivyo, nikiwa na makosa hupaza sauti. Hatimaye akaitoa mikono yake juu ya kile kioo akaiweka mapajani. Hakuniteta. Alisema tu, "Hakina mahali pa kushika, mdogo wangu. Nashika nini?"

Nikageuza uso. Na tajiri alikuwa mlangoni ametazama yote.

Alinifungia mlango chumbani kwake, akaniambia kwamba swichibodi imeshanunuliwa na hairudishwi, kwamba nilimwambia inaweza kupokea yenyewe, basi na ipokee yenyewe. Tuijaribu mpaka mwisho wa mwezi. Ikifaa, dada tutamuaga kwa heshima, apewe kinachomstahili, akapumzike kwake. Kwa wakati huo akae chumba cha nyuma, atusaidie kutia barua ndani ya bahasha. Tajiri si mtu mbaya. Alisema yote hayo akitazama dirishani, na mimi nikasema sawa, bwana. Nikatoka. Sikusema kwamba kosa ni langu, kwamba kifaa kile ndicho kisichofaa na si mtu. Ulimi huu unaowashinda wauza samaki wote wa soko la Mji wa Kale siku hiyo ulilala.

Dada akahamia chumba cha nyuma na kazi ya bahasha. Na kwa kuwa chumba kile kiko njiani kuelekea jikoni, mimi nikaanza kuvua viatu.

Sauti ya kutiwa katika mtambo ilikuwa yangu. Fundi alinipa kikaratasi cha maneno: umepigia kampuni fulani, kwa mizigo bonyeza moja, kwa hesabu bonyeza mbili, na kadhalika. Nikakitazama nikamwambia, ebo! Hatuanzi hivyo huku. Mtu ametoka kwake, amekupigia, wewe unamtumbukiza katika bonyeza moja? Mimi mamangu alinilea. Nikasogeza kinywa nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa, ile ya kupokea wakwe: "Assalaam alaikum. Umepiga simu..." na nikaendelea moja kwa moja hadi mwisho, bila kupumua. Fundi akasema ni safi sana. Ukikaa kidogo bila kubonyeza, mtambo ungesema, bado kwa sauti yangu, "Samahani, hukuchagua," na kukata.

Wiki ya kwanza afisi ilitulia hata tajiri akasifu. Wiki ya pili ilitulia kupita kiasi. Wateja wakaanza kumpigia tajiri simu yake ya mkononi, hata akiwa msikitini, na wote walikuwa na neno moja, kwamba simu yenu siku hizi ina kiburi. Kiburi gani? Hawakuweza kueleza vizuri. "Yanisalimu kisha yanifukuza," mmoja alisema. Mimi nikasema watu wa mji huu hawataki maendeleo.

Na kila siku, mara nne au tano, nilipita mlangoni pa chumba cha nyuma na viatu mkononi. Alikuwa amekaa wima vilevile kama aliyekaa mbele ya swichibodi. Anakunja barua, anatia, analamba, anabandika, anakunja nyingine. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, na siku moja nilisimama nikasikia anachosema. Alikuwa akitaja namba za simu za wateja, mmoja baada ya mwingine, kwa kichwa, ili zisimtoke. Nilirudi mezani kwangu bila hata kufika jikoni.

Ikawa wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nikasikia mtu anapanda ngazi, kidato, kupumua, kidato, kupumua, na kila akipumua anamtaja Mola. Nikaenda kutazama. Alikuwa mamake tajiri, bibi wa zaidi ya miaka themanini, na buibui lake, ameegemea ukuta wa ngazi kwa mikono miwili. Bibi huyo anakaa Kibokoni, si mbali, lakini miguu ilikuwa imemfunga ndani muda mrefu. Simu ya mkononi hakuitaka kamwe. Ana simu ya mezani, na namba aliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu, ya afisi yetu. Kila siku kabla ya adhuhuri alipiga kumuuliza mwanawe atakula nini. Kumbe swali la chakula lilikuwa dakika moja, na dakika kumi na tano zilikuwa za dada.

"Karibu, mama," nikasema, nikimshika mkono. "Starehe, karibu ndani."

Akasimama palepale. Akaniangalia kwa macho yaliyokuwa na ukungu, akainamisha sikio.

"Sema tena."

"Karibu, mama."

"Ni wewe!" akapiga ukelele uliowatoa watu wote mezani. "Sauti ni hiyo hiyo! Ni wewe mwanamke uliyenikatia!"

Ardhi ingepasuka ningeingia. Tajiri akatoka mbio, akamwita mama, mama, kuna nini. Bibi akampungia mkono anyamaze.

"Mwanangu, wiki ya tatu sasa napiga simu kila siku. Huyu anitolea salamu. Mimi namuitikia, waalaikum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, kama inavyotakiwa. Namuuliza hali. Hanijibu, yeye aendelea na mambo yake, moja, mbili, tatu, kama anayehesabu nazi. Nangoja amalize nimuulize tena, ananiambia sikuchagua. Nichague nini? Nilikuwa naitikia salamu! Kisha ananikatia. Mara nne leo! Nikajiambia huenda mwanangu kasema nisiunganishwe."

Alipofika kwenye neno hilo la mwisho sauti ilimkatika, akatafuta kiti. Nikaelewa papo hapo kiburi cha simu yetu kilikuwa kipi. Mji mzima ulikuwa ukiitikia salamu yangu. Kila mtu aliyelelewa, akisikia assalaam alaikum, huitikia, na akishaitikia hungoja aulizwe hali, na wakati yeye anangoja, mimi nilikuwa tayari kwenye bonyeza tatu, na alipotanabahi, nimemfukuza. Ningeanza na bonyeza moja kama fundi alivyotaka, wangenitukana, lakini wangebonyeza.

"Mama, ile ni mashine," tajiri akasema kwa upole.

"Kama ni mashine yatoa salamu kwa nini?" bibi akamuuliza. Akageuka huku na huku. "Na dadangu wa simu yuwapi? Amekufa?"

"Hajafa, mama. Yuko chumba cha nyuma."

"Nipeleke."

Nikampeleka mimi, kwa viatu miguuni mara hii. Dada alikuwa keshasimama, maana alisikia yote. Wale wanawake wawili hawakuwahi kukutana uso kwa uso maisha yao yote. Bibi akampapasa mashavu, dada naye akampapasa, wakacheka, wakalia, kisha wakaketi juu ya maboksi ya bahasha wakaulizana habari za wiki tatu kana kwamba hakuna kazi duniani. Adhana ikaadhiniwa bado wako palepale.

Tajiri aliniita. Alikuwa amekaa ameshika kichwa. Safari hii nilisema kabla hajafungua kinywa. Nikamwambia kosa ni langu, kwamba nilimnunulia mtu asiyeona kifaa cha kutazamwa, sikumuuliza, na tena nilinyamaza aliposukumwa nyuma kwa ajili yangu. Kama wa kuagwa yupo, basi ni mimi. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nimekasirika kwa sababu yananitoka.

"Hakuna wa kuagwa," akasema, akiondoa mikono kichwani. "Kesho mpeleke akachague mwenyewe."

Kesho yake tukaenda, dada amenishika kiwiko. Muuzaji alipotuona alianza maneno yake, kisha akaiona fimbo, akanyamaza, nami nikafurahi kuona hata yeye ana haya. Akazitoa tena zote mbele yake. Dada hakugusa chochote kwanza. Aliuliza.

"Laini ya kwanza ikiingia na ya nne ikiingia, zalia sauti moja au mbalimbali?"

"Zaweza kulia mbalimbali, mama."

"Mtu nikimwambia angoje, nitajuaje kuwa bado yupo?"

"Itakukumbusha kwa mlio mdogo."

"Na kitufe nikikibonyeza, chajibu?"

Yule bwana hakuelewa. Dada akashika kidole cha bwana huyo, akakiweka juu ya ile nyeusi nene, akakisukuma. Tak. "Hivi," akasema. "Nataka kinijibu, nijue kuwa kimenisikia."

Nilisimama nyuma nikihesabu maswali ambayo mimi sikuyafikiria. Alipapasa ile nyeusi kwa muda mrefu, akakuta kidoadoa kilichoinuka juu ya kitufe cha tano, katikati ya tarakimu, akatabasamu. Akavaa kisikilizi cha sikio moja, akakataa cha masikio mawili, akasema sikio la pili lina kazi ya ngazi. Ikawa hiyo hiyo niliyoiita mkoba wa fundi. Nilipitia dukani kununua shanga zile ndogo tunazoshonea nguo, na afisini tukazigandisha kwa gundi juu ya vitufe vya pembeni, ushanga mmoja kwa watu wa mizigo, mbili kwa hesabu, tatu kwa madereva. Kwa tajiri aliniomba kifungo cha shati. Kile kioo tukampa tajiri akiweke mezani kwake aburute watu atakavyo.

Lakini kabla ya kufika afisini, tulipokuwa tukishuka Ndia Kuu na wauza vinyago wakituamkia, aliminya kiwiko changu.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu."

"Niulize, dada."

"Zile siku, ulikuwa wapita bila kunisalimu. Kwa nini?"

Nilijikwaa. "Ulijua?"

"Udi wako huingia chumbani kabla yako. Nilikuwa nausikia waja, nakaa tayari kuitikia, kisha wapita, wapungua, umekwenda. Na viatu umevua, masikini, kwa baridi ya ile sakafu." Akatembea hatua kadhaa. "Kazi ni riziki, na riziki anayo Mungu. Kuondolewa pale mezani niliumia, siwezi kukuficha, usiku nilikuwa nalia na mzee wangu asijue. Lakini salamu hainunuliwi dukani. Ile ulininyima wewe mwenyewe."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikaanza kutafuta maneno, na mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa maji uliozuia njia, ikabidi nimshike mkono tupite ubavuni, na baada ya hapo nafasi ilikuwa imepotea. Na yeye hakurudia.

Likabaki jambo moja. Saa za kufunga, mtambo wa kupokea uliokuja na kile kioo, ambao tuliubakiza, ulihitaji sauti, na tajiri akasema yangu ifutwe kabla mamake hajaisikia tena. Dada akasema atarekodi yeye. Fundi akabonyeza, dada akasema, "Assalaam alaikum." Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Fundi akanitazama, akanong'ona kuwa pengo ni refu mno, watu watadhani simu imekufa. Dada akainua kidole kimoja, ngoja. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na nikajua anapima, waalaikum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, kwa mwendo wa bibi wa miaka themanini. Ndipo akasema, "Alhamdulillah, sisi hatujambo. Afisi imefungwa. Sema shida yako, na kesho nitakupigia mimi mwenyewe."

Siku chache baadaye nilikuwa Feri, upande wa huku, narudi kutoka Likoni, ng'ambo, nilikopeleka stakabadhi za mteja. Watu ndio wanashuka kwa wingi, wauza njugu na miwani wanapiga kelele, na mimi nikakumbuka kitu nilichotaka kumwambia dada kabla hajaondoka. Nikapiga. Kumbe saa za kazi zilikuwa zimekwisha.

"Assalaam alaikum," akasema sikioni mwangu.

Nilijua ni mtambo. Niliuchagua mimi mwenyewe, najua waya zake. Na bado nikaitikia, kwa sauti, katikati ya ule umati, neno baada ya neno hadi mwisho, na hakuna aliyenikatiza. Alinisubiri nimalize. Aliposema sema shida yako, nikaisema. Nikamwambia dada, assalaam alaikum, ni mimi, haki yako uliyonyimwa ni mimi niliyekunyima, nisamehe. Mwanamume mmoja aliyebeba godoro kichwani aligeuka kunitazama. Nikamwambia apite.

Asubuhi yake nilivaa viatu vyangu vyenye kisigino kuliko vyote. Nikapanda ngazi nikivigonga makusudi, kidato kwa kidato. Nilikuwa nimebakisha vitatu, sijafungua kinywa, sijasema neno, nilipomsikia kutoka mezani kwake.

"Waalaikum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh."

Nikasimama palepale, mkono ukutani.

"Hiyo ni ya jana," akasema, vidole vyake viko juu ya shanga. "Ya leo bado sijaisikia."